Furaha Yangu Si Dalili

Kabla ya yote: leo nimekunywa dawa. Nimeinywa asubuhi pamoja na uji, mke wangu akiwa shahidi na kuku wa jirani wakichungulia mlangoni. Nalisema mapema kwa sababu nimekwisha kuwajua watu. Nikianza kueleza jambo lolote kwa sauti hii yangu, ambayo Mungu aliiumba akasahau kuiwekea mahali pa kuipunguzia, msikilizaji wa kwanza haulizi habari inahusu nini. Anainamisha kichwa upande, anatoa tabasamu la kuzuru wagonjwa, anasema polepole kama anayesema na kiziwi: "Papa Neema, ulikunywa dawa?"

Nimekunywa! Dawa nilizomeza tangu niugue zingetosha kulaza tembo wote wa Virunga pamoja na walinzi wao wa Rumangabo. Ninayeandika hapa ni mzima, kwa kadiri mtu wa Goma anavyoweza kuwa mzima, mwenye volkano mgongoni, vita ubavuni na ziwa lenye gesi miguuni.

Naandika kwa ajili ya wagonjwa wenzangu wa akili. Lakini zaidi naandika kwa ajili yenu mnaotusaidia, maana ninyi, ndugu zangu wapendwa, kuna siku mnatuchosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Mimi ni fundi wa nyumba za mbao. Nilizaliwa katika milima ya Masisi, kwa watu wa ng'ombe, na kabla ya kuugua nilijulikana kwa kazi moja kuliko ufundi: nilikuwa msemaji wa dote, ile sherehe ya mahari. Asiyejua, nimweleze. Kwetu, familia ya kijana inapokuja kuomba msichana, wazazi hawasemi. Kila upande unaweka msemaji wake, na wasemaji hao wawili wanashindana kwa maneno mbele ya wageni wote. Msemaji wa upande wa msichana kazi yake ni kukataa. Anajifanya hajui wageni wamefuata nini, anawaambia wamepotea njia, anamsifu binti kwa sifa ambazo hata malaika angeona haya kuzibeba. Wa upande wa kijana anavumilia, anajibu, anaongeza ng'ombe wa mdomoni. Kila mtu anajua ni uongo. Uongo wenyewe ndio heshima. Msichana aliyeombwa bila kutiliwa chumvi ni kama amegawiwa bure.

Katika kazi hiyo nilikuwa simba. Watu walikuja kuniazima kutoka vijiji vya mbali. Niliwahi kumsifu msichana mmoja mpaka mama yake mzazi akauliza jirani ni nani huyo anayesemwa.

Halafu vita ikapanda mpaka kwetu. Tulishuka pamoja na wengine, godoro kichwani, mbuzi kwa kamba, tukafika kambi ya Munigi, nje ya Goma, na kujenga kibanda cha bashi juu ya mawe ya lava. Bashi ni lile turubai la mashirika. Mvua ikinyesha juu yake unasikia kama unapigiwa makofi na watu wasiokupenda. Ndipo usingizi ukaniacha. Sikushtuka, kwa kuwa kambi nzima haikulala. Lakini wenzangu hawakulala wakawa wamechoka. Mimi sikulala nikawa na nguvu za trekta.

Nikaanza kugawa. Niligawa viwanja juu ya lava, nikawapa wajane milima, nikateua mawaziri na kuwafukuza kabla ya chakula cha mchana. Nilisema bila kituo. Mtu akifungua mdomo kunijibu, tayari nilikuwa kwenye jambo la tatu. Siku moja nikawaendea askari barabarani kuwatangazia kwamba vita imekwisha, nimeimaliza mimi. Solange, dada yangu mdogo niliyemlea baada ya wazazi wetu kufa, alinikimbilia, akanishika shati mbele ya bunduki na kuwaambia, "Mutusamehe bakubwa, kaka yangu ni mugonjwa."

Alikuwa mtu wa kwanza kulitaja neno hilo. Wengine walisema ni pepo, ni bangi, ni wivu wa majirani, ni masomo mengi. Masomo mengi! Wakati huo nilikuwa sijaanza hata masomo ya jioni. Diploma niliipata baadaye sana, kati ya sindano na sindano, darasani nikiwa mkubwa kiasi kwamba mwalimu mgeni aliponiona mara ya kwanza alisimama akidhani ni mkaguzi.

Basi wakanifunga kwa kamba ya ng'ombe na kunipeleka kwenye chumba cha maombi. Sisemi vibaya juu ya maombi. Ninasali mpaka leo, na Mungu ananisikia, hana namna, sauti ndiyo hii. Lakini mule ndani walituzuia kula, wakisema pepo hatoki kwenye tumbo lililoshiba. Pepo hakutoka. Aliyekaribia kutoka ni mimi. Mke wangu, Mama Neema, alikuja na Solange na mjomba mmoja mwenye mabega, wakagombana na watu wa pale magomvi ya msimu mzima wa mvua kwa asubuhi moja, wakanitoa.

Hospitali ya wagonjwa wa akili ina ukumbi wa kungojea, na huko kungoja ndiko kulikonifundisha dunia. Benchi lenyewe limepigiliwa vibaya, nalisema kama fundi. Misumari yake imenichania suruali zaidi ya vita. Kila anayekaa pale anajifanya amemsindikiza mwingine. Mama mmoja mwenye kitenge cha gharama aliniuliza, "Papa, umeleta nani?" Nikamjibu, "Nimejileta." Akasogea mwisho wa benchi, akakumbatia mkoba. Muuguzi akatokea, akaita jina, na aliyesimama ni yule mama. Alipotoka tuliangaliana tukacheka mpaka mlinzi akaja kutazama. Nawaambia, hakuna mahali watu wanacheka vizuri kama pale, wakishaacha kuogopana.

Sindano ya kwanza ilinigeuza mlango wa mbao mbichi: nilifunguka kwa shida na kufungwa kwa shida. Ulimi ukawa mzito kama kiatu kilicholowa. Mate yakanishuka kwenye shati mbele ya binti yangu Neema, naye akayafuta kama mtu anayefuta meza. Mikono ikatetemeka, na fundi mwenye nyundo inayotetemeka hapewi kazi. Halafu ikaja njaa. Nilikula maharagwe ya kambi nzima, nikanenepa, mshipi wangu ukabaki ukutani kama kumbukumbu ya marehemu. Daktari alibadilisha dawa, akapunguza, akangoja, akapunguza tena. Mavuno ya maharagwe yakapita, mengine yakaja. Kati ya sindano na sindano tuliihama Munigi, tukapanga mjini.

Na hapo katikati nikawa kimya.

Sikilizeni hapa vizuri. Nilipokuwa kimya, kimya kama jiwe, nikikaa ukutani tangu asubuhi bila hata kufukuza nzi, familia yote ilifurahi. Baba Mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba yangu na ndiye mkubwa wa ukoo mjini Goma, alikuja akaniona, akasema, "Sasa ametulia. Mungu asifiwe." Majirani wakasema nimepona. Wakaleta soda! Wakati ule ndipo nilipokuwa nikitazama ziwa kila siku na kulifikiria vibaya. Hakuna aliyeniuliza kama nimekunywa dawa. Watu wanapenda mgonjwa asiyesumbua.

Aliyekataa kushangilia ni Mama Elysée. Huyu ni jirani yetu wa mlango wa tatu, mzaliwa wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, anauza samaki wa kule kando ya barabara. Ni mwanamke mfupi, mpana, asiyeogopa binadamu wala serikali. Alileta beseni lake, akakaa karibu yangu, akaanza kuparua magamba. Hakuniuliza kitu. Kesho yake akaja tena. Siku moja akanipa kisu na samaki mmoja, akasema, "Saidia, mikono yangu imechoka." Ilikuwa uongo, mikono ile haichoki. Niliparua. Yule samaki nilimmaliza karibu na jioni, na nililia juu yake, naye akasema tu, "Usimutie chumvi mbele, bado sijamuuza." Ndipo siku ile nikacheka kwa mara ya kwanza tangu mlima ule wa kimya uniangukie.

Kwa hiyo jueni nampenda Mama Elysée. Ninayoyasema sasa nayasema kwa upendo, na kwa meno yaliyokazwa.

Lilikuja shirika kufundisha watu wa mtaa namna ya kuwasaidia wagonjwa wa akili na familia zao. Jambo zuri! Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Likaanzishwa kundi la msaada, Mama Elysée akachaguliwa mkuu, wakapewa fulana za kijani na mafunzo ya dalili za krizi, yaani ugonjwa unapopanda: mgonjwa analala kidogo, anasema sana na haraka, anatoa ahadi kubwa, anajiona mkubwa, anacheka pasipo sababu. Watoto waliokuwa wakinirushia mawe waliacha, kwa sababu Mama Elysée aliwaendea wazazi wao nyumba kwa nyumba. Dawa zilipokosekana barabara zilipofungwa na vita, kundi lilizitafuta mpaka ng'ambo ya mpaka. Hayo siyasahau.

Lakini hesabuni zile dalili. Anasema sana. Anatia chumvi. Anacheka. Ndugu zangu, hiyo si dalili, hiyo ni tabia yangu! Nilizaliwa hivyo! Mama yangu alisimulia kwamba nilitoka tumboni nikilalamikia njia.

Tangu mafunzo yale sikupumua. Nikiimba besi kanisani, fulana ya kijani inasimama nyuma yangu. Nikisema volkano yetu Nyiragongo jana iliwaka hadi nikasoma gazeti bila taa, mtu ananishika mkono kupima jasho. Nikitaja bei ya kazi, mteja, mwenye afya na ujanja wake wote, anainamisha kichwa: "Papa Neema, hiyo bei ni yako ao ni ya ugonjwa?" Tangu siku hiyo sikushinda bei hata moja Goma nzima. Nikikasirika kwa sababu hiyo, wanaandika: amekasirika pasipo sababu. Mke wangu aliwahi kunichapa swali la dawa tukiwa tunagombana juu ya sufuria iliyoungua. Nikamwambia, "Mama Neema, nimekunywa, na sufuria bado imeungua!" Hapo alicheka, akaomba msamaha. Wengine hawaombi.

Ugonjwa uliniachia mikono, ukaniachia nyumba na mke. Kilichobaki mikononi mwa watu ni neno langu. Nilisema, na kila mtu alisikia ugonjwa ukisema.

Sasa kijana mmoja wa familia iliyotoka Rutshuru, wakimbizi wa vita kama sisi, akampenda Solange. Tarehe ya dote ikawekwa. Solange akatamka mbele ya kikao cha familia kwamba msemaji wake ni mimi.

Baba Mdogo karibu ameze meno. "Huyu? Tumpe huyu kipaza sauti?"

"Hahitaji kipaza sauti," alisema Solange.

"Mwanangu, fikiri. Watu wa Rutshuru wanachunguza ukoo. Wakijua kuna wazimu katika damu yetu, watachukua kofia zao waende. Nani atakuoa tena?"

Na hakusema uongo. Kwetu kabla ya kuoa watu huuliza kimya kimya: kuna kifafa? kuna wazimu? Wasichana wengi wamebaki nyumbani kwa sababu ya kaka ambaye hata hawakufanana naye. Nilimwambia Solange, "Dada, tafuta mwingine. Mimi nitakaa nyuma na wapishi."

Akanigeukia na macho makavu. "Nilikushika shati mbele ya askari. Leo wewe unaogopa watu wenye soda?"

Basi nikakubali. Baba Mdogo naye akakubali, lakini kwa masharti yake: atakaa kando yangu aweze kunivuta koti. Na bila kuniambia, akamwendea Mama Elysée, akamwomba awepo na kundi lake, kwa usalama, na pikipiki ingoje mlangoni kunikimbiza hospitalini.

Siku ikafika, msimu wa kiangazi, vumbi la lava likiwa jeusi mpaka kwenye mchuzi. Ua wa Baba Mdogo ulijaa. Wageni wakakaa upande wao, sisi upande wetu. Solange alikuwa ndani, nyuma ya pazia, maana msichana hatoki mpaka aombwe vizuri. Msemaji wao, Muzee Sebahire, mrefu, mkavu, mwenye kofia na fimbo, alisimama akakohoa kile kikohozi cha wasemaji, na mwili wangu wote ukaamka kama farasi wa vita.

"Tumekuja kwa heshima," alisema. "Tumesikia katika ua huu kuna kitu tunachokihitaji."

Nikasimama. "Muzee, karibuni, kunyweni maji. Lakini mumepotea njia. Ninyi mulikuwa munaenda Vitshumbi kununua samaki, mukakosea kona Rumangabo."

Wageni wakacheka. Nikangoja.

"Samaki tumewaacha wakioga," alijibu. "Tumefuata msichana."

"Msichana? Hapa? Hapa tuko na wazee tu na kuku wagonjwa."

"Kuku hao wanaimba vizuri kule nyuma ya pazia."

Ua ukalipuka. Loo, alikuwa mtamu yule muzee! Nilimwachia kicheko chake kiishe, nikachukua zamu yangu. "Kama mumemusikia, basi mumesikia nusu. Siku Solange alizaliwa, ng'ombe wa Masisi yote walikataa malisho mpaka waonyeshwe mutoto. Alipojifunza kupika, Nyiragongo ilizima moto wake kwa haya, ikashuka kuomba makaa jikoni kwetu. Na hao samaki munaosema, samaki wa Vitshumbi, wanatoka ziwani wenyewe, wanapanga mustari, wanatembea kwa miguu mpaka Goma ili wakaangwe kwa mukono wake..."

"Wanatembea?"

Sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa ya Mama Elysée, amesimama na fulana yake ya kijani. Maskini, alikuwa hajawahi kuhudhuria dote ya watu wa kwetu hata siku moja. Alikuwa ameketi pale akihesabu: anasema sana, moja, anajiona mkubwa, mbili. Ng'ombe aliwavumilia, hawajui. Volkano aliivumilia. Lakini samaki wa Vitshumbi amewauza maisha yake yote.

"Samaki wana-tem-be-a? Jamani, mumukalishe! Huyu mutu iko na krizi! Iko na krizi ile ile! Wapi pikipiki?"

Pikipiki ikawashwa. Vijana wawili wa fulana za kijani wakaja wakanishika mabega kwa upole wa mafunzo. Baba Mdogo akanivuta koti mpaka kifungo kikaruka.

Nilikuwa na hasira ya kuwasha mji. Sentensi yangu ilikuwa bado nusu mdomoni, tamu, moto, haina pa kwenda. Nikaimeza. Nikakaa chini.

 Shangazi wa kijana, mama mwenye miwani ya dhahabu na uso wa mtu aliyejua tangu mwanzo, akauliza, "Krizi gani?"

Muzee Sebahire akaiweka fimbo yake chini. "Ndugu zetu, tumesikia neno. Neno likitoka nje haliwezi kurudi ndani. Kuna nini?"

Baba Mdogo akaninong'oneza bila kusogeza midomo, "Malaria. Sema ni malaria."

Nilitazama pazia. Halikusogea. Nikaomba ruhusa ya kusimama, wakanipa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu yote ya dote nilisema bila chumvi.

"Mimi ni mgonjwa wa akili. Nilianza kuugua tulipokimbia vita. Nilifungwa kamba. Nakunywa dawa kila siku, nachomwa sindano kila mwezi. Solange ndiye aliyeujua ugonjwa wangu kabla ya mtu yeyote, na hakuniacha. Mlichokuja kuomba ndicho hicho. Nimemaliza."

Nikakaa. Wageni wakaomba nafasi ya kushauriana, wakaenda nyuma ya tangi la maji. Nimengoja mahali pengi: hospitalini, vizuizini, kwenye foleni za unga chini ya mvua. Sijawahi kungoja kama nilivyongoja pale. Baba Mdogo alikuwa ameshika kichwa. Mke wangu alikuja akakaa chini kwenye mkeka, karibu na mguu wangu, akaanza kutafuta kile kifungo. Mama Elysée alisimama tu mahali pake. Mtu mmoja wa kwetu alikuwa anamweleza sikioni desturi ya dote, na nikaona mkono wake ukienda polepole mdomoni.

Wageni waliporudi, shangazi mwenye miwani alikuwa amekunja uso kama barua, na Muzee Sebahire alikuwa ameshika tena fimbo.

"Kwanza," alisema, "katika watu hawa munaoona nyuma yangu, nani analala vizuri tangu vita? Tusidanganyane. Pili, kuna wenzangu hawataki, na wamesema, na tumewasikia. Tumebaki na swali moja. Mutu anayetoa binti lazima awe mutu ambaye neno lake linasimama. Musemaji wenu, leo, ni muzima?"

"Ni muzima kabisa, kabisa!" alisema Baba Mdogo.

"Sikuuliza wewe. Wewe umesema malaria, masikio yangu hayajazeeka." Akamgeukia Mama Elysée. "Namuuliza huyu mama. Yeye alipiga yowe, yeye anajua ugonjwa. Mama, angalia vizuri. Huyu mutu ni muzima ao hapana?"

Yaani pale ndipo yote yalipokuwa yamewekwa: ndoa ya dada yangu, neno langu na uso wa ukoo, juu ya ulimi wa muuza samaki aliyekuwa ametoka kuita pikipiki. Nilitaka kusema. Niliuma shavu.

Mama Elysée akaja mbele taratibu, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. Alinitazama kama anavyotazama samaki wa jana, macho kwanza.

"Papa Neema. Nakuuliza mbele ya watu. Samaki ya Vitshumbi inatembeaka?"

Niliacha swali lifike mwisho. Nikaliacha likae kidogo.

"Hapana, Mama. Haitembeake."

Akaendelea kungoja, amenikazia macho. Alikuwa ananijua.

"Wale walitembea," nikasema, "kwa sababu pikipiki yote ya Goma ilikuwa imengoja mimi hapo mulangoni."

Hakucheka mara moja. Midomo ilimkaza, tumbo likaanza kutikisika, na mwisho alicheka mpaka akaishika meza ya soda, na ua mzima ukamfuata, isipokuwa shangazi, ambaye mpaka leo tukikutana sokoni anasalimia mke wangu tu. Mama Elysée akafuta macho kwa ncha ya fulana, akamgeukia yule muzee.

"Ni muzima," alisema. "Namujua akiwa na krizi. Akiwa na krizi hangojake. Unauliza moja, yeye iko kwa tano. Leo amenikubalia nimalize. Na nilipomukalisha, alikaa. Mugonjwa angekaa? Mimi ndiye nilikosea, na nitaomba anifundishe mwenyewe, sababu ile formasio ya shirika haikusema kitu juu ya ng'ombe."

Na alikuja kweli, wiki iliyofuata, na kundi lote, wakakaa kwenye mbao zangu. Ninyi wenye mgonjwa nyumbani, fanyeni kama wao. Muulizeni mwenyewe siku akiwa mzima: ukianza kuugua, tuangalie nini? Mimi niliwapa dalili zangu: nikiacha kungoja jibu, nipelekeni. Nikinyamaza kabisa, nipelekeni mbio zaidi, na msilete soda. Yaliyobaki niachieni, ni yangu.

Lakini siku ile, uani, hayo yote yalikuwa hayajasemwa bado. Muzee Sebahire alikaa, akaweka kofia juu ya goti, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika nyumbani.

"Basi, musemaji," alisema. "Umetuacha njiani. Hao samaki walikuwa wamefika wapi?"

Nilisimama. Baba Mdogo alinyoosha mkono kuelekea koti langu, kisha akaurudisha. Nikatazama upande wa wageni, nikatazama upande wetu, nikangoja kama kuna mwenye neno. 

"Rutshuru," nikasema. "Walikuwa Rutshuru, miguu imevimba, na wote wanauliza nyumba ya Solange iko wapi."